Baiskeli ya Umeme Kwenye Milima: Iongezee Nguvu Bila Kuunguza Mota



Siku hizi swali linalonifikia sana wala halihusu kantangaze au bei ya mbolea. Ni hili: "Bwana shamba, baiskeli yangu ya umeme inashindwa mlima nikiwa na mzigo. Nikiiongezea nguvu, mota haitaungua?"

Kuna watakaouliza bwana shamba anaingiaje kwenye mambo ya mota. Naingia kwa sababu huku kwetu Usambara tunalima bondeni kwenye maji, na barabara iko juu. Umehudumia hoho au nyanya miezi mitatu, umepulizia, umemwagilia, halafu mzigo unakwama nusu kilomita kabla ya barabara na Fuso haisubiri mtu. Hiyo nayo ni hasara ya baada ya mavuno, sawasawa na mzigo kuoza ghalani. Na wakati nasoma stashahada ya kilimo tulikuwa na somo la zana. Hesabu za trekta kuvuta jembe na za baiskeli kupanda mlima ni ndugu.

Jibu fupi ni kwamba inawezekana, ila kuna mpangilio. Anza na rimu au gia, fuata volti, ampea ziwe za mwisho. Mafundi wengi wa mtaani wanaanza na ampea kwa sababu ni kazi ya nusu saa na bei ni ndogo, na hapo ndipo mota nyingi zinapokufa. Ngoja nieleze kwa nini, ukielewa utaweza kubishana na fundi wako kwa hoja.

Joto la mota linatoka wapi

Wati ni volti mara ampea. Betri ya volti 36 yenye kontrola ya ampea 15 inakupa wati 540. Ukitaka wati zaidi una milango miwili tu: kuongeza volti au kuongeza ampea.

Kwenye mota, volti ndizo zinazoleta mwendo, ampea ndizo zinazoleta msukumo. Mlima unataka msukumo, kwa hiyo mtu anakimbilia ampea. Tatizo ni kwamba waya za kopa zilizomo ndani ya mota zinatoa joto kwa kiasi cha ampea mara ampea. Ampea zikizidi mara 2, joto linazidi mara 4. Ukitoka ampea 15 kwenda 20 umepata msukumo wa theluthi moja zaidi, lakini joto limepanda kwa asilimia 78. Unaona biashara hiyo ilivyo mbaya?

Tena kopa yenyewe ikipata joto inazidi kuupinga umeme. Kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 ukinzani wake unaongezeka kwa takriban asilimia 30. Maana yake joto linazaa joto jingine. Mota ikishaanza kuchemka, haichemki polepole.

Kuna jambo jingine wengi hawalijui. Ampea unazosoma kwenye skrini ni zile zinazotoka kwenye betri. Za ndani ya mota ni nyingi zaidi ya hizo unapokwenda taratibu, kwa sababu kontrola inashusha volti na kupandisha ampea. Ndiyo maana mota inaungua ukiwa unatambaa mlimani, wakati kwenye tambarare unaweza kukimbia saa nzima na isipate shida.

Vinavyoharibika ni hivi. Sumaku za daraja la kawaida zinaanza kupoteza nguvu moja kwa moja zikipita nyuzi 80 hivi, na hazirudi hata mota ikipoa. Gia za nailoni zilizo ndani ya mota ndogo za kwenye gurudumu zinalainika na kunyofoka meno. Mwisho ni vanishi inayofunika waya za kopa: ikiungua, waya zinagusana na mota imekwisha. Ukisikia harufu ya vanishi, hapo tayari umechelewa.

Tupige hesabu ya mlima

Chukua baiskeli kilo 30, wewe kilo 65, mzigo kilo 55. Jumla kilo 150. Mlima unapanda mita 10 kwa kila mita 100, njia ya vumbi. Kuusukuma uzito huo kunataka msukumo wa kama kilo 18: kilo 15 za mlima na kilo 3 za tairi kusaga vumbi. Kwa mwendo wa km 10 kwa saa hizo ni karibu wati 490 zinazotakiwa kufika ardhini. Mota haigeuzi umeme wote kuwa mwendo, sehemu inapotea kuwa joto, kwa hiyo betri inatakiwa kutoa zaidi ya hapo. Kumbe zile wati 540 hazitoshi. Baiskeli inapunguza mwendo, labda hadi km 5.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Msukumo wa kilo 18 ni uleule, uende km 10 au km 5. Kwa hiyo ampea za ndani ya mota ni zilezile, na joto la kila dakika ni lilelile. Tofauti ni muda. Kilomita 1 kwa mwendo wa km 10 ni dakika 6, kwa km 5 ni dakika 12.

Tuseme kopa inatoa wati 200 za joto na mota ina kilo 4 za chuma na kopa. Tukiacha pembeni upepo unaopoza, dakika 6 zinaipandisha mota kwa nyuzi 40 hivi, dakika 12 zinaipandisha kwa nyuzi 80. Kama ulianza na nyuzi 30 za mchana, wa kwanza amefika juu akiwa na nyuzi 70, wa pili ana 110. Mlima uleule, mzigo uleule, mmoja amefika salama na mwingine ameshaua sumaku.

Kwa hiyo tunatafuta vitu viwili: kupunguza ampea ambazo mota inahitaji ili itoe msukumo uleule, na kupanda haraka ili joto lisipate muda wa kujikusanya.

Hatua ya 1: Vya bure kwanza

Jaza upepo tairi mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni. Tairi laini kwenye vumbi inakula msukumo bure. Angalia pia breki isije ikawa inagusa rimu.

Piga pedali mlimani. Mtu mwenye afya anaweza kutoa wati 100 kwa dakika kadhaa. Kwenye mlima wetu hiyo ni moja ya tano ya kazi yote. Mota ikifanya asilimia 80 ya kazi, joto la kopa linashuka hadi asilimia 64. Theluthi nzima ya joto imeondoka kwa miguu yako tu. Wale wanaokaa kama wako kwenye bodaboda, wanashika resi mpaka mwisho huku miguu imetulia, ndio wateja wa kudumu wa mafundi.

Ingia kwenye mlima ukiwa na mwendo, usianzie mlimani kutoka kusimama. Mota isiyozunguka huku umeshika resi inageuza umeme wote kuwa joto, yaani haina tofauti na pasi.

Hatua ya 2: Rimu au gia

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na ndiyo inayorukwa sana.

Mota iliyo kwenye gurudumu haina gia ya kubadilisha. Gia yake ni ukubwa wa rimu. Rimu kubwa ni sawa na kupanda mlima na gia kubwa. Ukitoka inchi 26 kwenda inchi 20, mota inahitaji asilimia 77 tu ya ampea ili itoe msukumo uleule, na joto linashuka hadi asilimia 59. Kwenye mfano wetu, zile wati 200 zinakuwa 118. Kwa dakika 6 mota inapanda nyuzi 24 badala ya 40. Hujagusa umeme wowote hapo.

Wanaofunga mota kwenye baiskeli za Phoenix zenye rimu 28 ndio wanaoteseka zaidi. Hata kushuka hadi inchi 24 tu, kwenu joto linapungua kwa zaidi ya robo.

Kuna mambo ya kuangalia. Ukiweka rimu ya inchi 20 nyuma kwenye fremu ya 26, sehemu ya nyuma inashuka karibu sentimita 8, pedali zinakaribia ardhi na zitagonga mawe kwenye njia zetu. Breki za kubana rimu nazo hazitaifikia rimu mpya, itabidi uwe na breki ya diski. Kwa fremu ya 26, inchi 24 ni maelewano mazuri kama kuna namna ya kufunga breki. Ukiwa unanunua upya kwa ajili ya mzigo, tafuta fremu iliyotengenezwa kwa rimu ndogo tangu mwanzo. Mzigo unakaa chini pia, baiskeli haiyumbi.

Kama mota yako iko katikati kwenye pedali, una bahati: inatumia cheni na gia za baiskeli. Badilisha sproketi ya mbele kutoka meno 46 hadi 36, faida inakaribia ileile ya rimu. Na ubadilishe gia kabla ya mlima kuanza. Ukibadilisha katikati ya mlima huku mota inavuta, utakata cheni.

Hatua ya 3: Volti

Rimu ndogo inakupunguzia mwendo wa tambarare. Hapo ndipo volti zinapoingia. Kutoka volti 36 kwenda 48 mwendo unapanda kwa theluthi moja. Ukizidisha na ile asilimia 77 ya rimu, unarudi karibu palepale ulipokuwa. Yaani rimu 20 na volti 48 inakwenda mwendo uleule wa rimu 26 na volti 36, lakini kwa ampea zilezile za mota ina msukumo wa asilimia 30 zaidi. Na wati za betri kwa ampea 15 zimetoka 540 hadi 720. Huo ndio mchanganyiko ninaowashauri vijana wa milimani.

Kabla hujanunua betri, fungua kontrola usome. Betri ya volti 48 ikijaa inafika 54.6, ya 52 inafika 58.8. Ndani ya kontrola kuna kapasita, zile kopo ndogo zenye maandishi ubavuni. Zikiwa zimeandikwa 63V, betri ya 52 ndiyo mwisho wake. Zikiwa zimeandikwa 50V, kontrola hiyo ni ya volti 36, usiithubutu kwa 48. Kontrola nayo ina kiwango cha kukata umeme betri ikiisha; kikiwa cha volti 36 haitailinda betri ya 48. Mara nyingi ni salama zaidi kununua kontrola mpya pamoja na betri.

Usidanganyike na betri za asidi kwa sababu ya bei. Nne za volti 12 na Ah 12 zinakaribia kilo 16. Hizo ni kilo za nyanya umeziacha shambani kila safari. Kuhusu gharama ya kuchaji, betri ya lithiamu ya volti 48 na Ah 15 haimalizi hata yuniti moja ya LUKU.

Hatua ya 4: Ampea, tena kwa kipimo

Kama bado hutoshi baada ya hapo, ongeza ampea kidogo, na usiongeze kabla hujaweka kihisi joto ndani ya mota. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, kile cha kiloomu 10. Kinagandishwa kwenye waya za kopa kwa gundi inayovumilia joto, waya zake zinatoka kwenye ekseli pamoja na nyingine. Tafuta kontrola inayoweza kusoma kihisi hicho na kupunguza ampea yenyewe. Mimi nashauri ianze kupunguza kwenye nyuzi 80 na ikate kabisa kabla ya 100. Mota hiyo huwezi kuiunguza hata ukimwazima shemeji yako.

Kuanzia ampea 15, nenda 18 kwanza. Hapo joto limepanda kwa asilimia 44, ambalo rimu ndogo inaweza kulibeba. Tumia wiki moja ya mizigo halisi ndipo ufikirie zaidi. Ongeza kwa kontrola yenye mpangilio wa kuongeza, basi.

Kuna ujanja wa fundi kuongeza risasi juu ya kile kipande cha waya kinachopima ampea ndani ya kontrola, wao wanakiita shanti. Huo ni kuidanganya mizani. Kontrola inadhani inatoa ampea 15 kumbe inatoa 22 au 25, na hakuna anayejua ni ngapi, fundi mwenyewe hajui. Kijana mmoja kwenye kata yangu alifanyiwa hivyo mwanzoni mwa msimu wa hoho. Wiki mbili akawa mfalme wa mlima, wenzake wanamwomba awapandishie. Wiki ya tatu, siku ya mzigo mkubwa, gia za nailoni zikayeyuka kwenye safari ya tatu. Hoho zilizobaki bondeni zilipanda kichwani kwa watu, na akina mama waliobeba aliwalipa kutoka kwenye faida ya msimu.

Kupoza

Kwa mota kubwa isiyo na gia ndani, kuna kimiminika chenye chembe za sumaku. Mililita chache zinawekwa ndani, kinahamisha joto kutoka kwenye kopa kwenda kwenye ganda la nje. Kinafanya kazi, lakini ni cha kuagiza. Usikiweke kwenye mota yenye gia, hakina faida humo.

Kutoboa matundu kwenye kifuniko cha mota sishauri. Kinachoingia kwenye njia zetu ni vumbi la kiangazi na tope la masika, na kutu inamaliza kazi iliyoachwa na joto.

Dawa ya kweli ya kupoza ni muda. Ukifika juu, shusha mzigo taratibu, acha baiskeli kivulini. Ukirudi mtupu kwenye mteremko bila kushika resi, upepo unapoza mota. Mizigo miwili ya kilo 27 inapunguza joto la kila safari kwa theluthi moja hivi ukilinganisha na mmoja wa kilo 55.

Vitu vitatu vinavyosahaulika

Betri. Usizidi ampea zilizoandikwa kwenye betri yako, na usikubali fundi aruke ile saketi ya ulinzi iliyo ndani yake kwa sababu "inakatakata". Inakata kwa sababu betri imezidiwa. Betri ya lithiamu ikilazimishwa inaweza kuwaka moto, na wengi wetu tunachajia ndani tunakolala. Weka fyuzi kati ya betri na kontrola.

Ekseli. Msukumo ukiongezeka, ekseli ya mota inataka kujizungusha kwenye fremu. Ikifaulu, inakata waya zote na gurudumu linachomoka. Funga chuma cha kuizuia, pande zote mbili kama fremu ni ya aluminiamu.

Breki. Kilo 150 kwenye mteremko ni za kuzuia, siyo za kupanda tu. Breki nzuri zije kabla ya volti mpya. Na baiskeli ikishaanza kukimbia kama pikipiki, waulize polisi wa usalama barabarani wilayani kwako wanaihesabu vipi kabla hujaipeleka barabara kuu.

Jinsi ya kuijaribu

1. Pakia nusu ya mzigo wako wa kawaida, panda mlima wako wa kila siku. Andika muda na joto la kihisi ukifika juu.
2. Siku nyingine, mota ikiwa imepoa, rudia na mzigo kamili.
3. Joto likibaki chini ya nyuzi 80, uko vizuri. Likipita hapo, punguza mzigo, ongeza pedali au rudi hatua ya 2.
4. Kama huna kihisi bado, gusa ganda la mota. Ukishindwa kuweka kiganja kwa sekunde 5, simama upumzike. Lakini fahamu kuwa mota yenye gia inaficha joto: nje vuguvugu, ndani inachemka.

Na kuna milima ambayo baiskeli si chombo chake. Kama njia yako inapanda mita 20 kwa kila 100, au kila siku una matenga kumi ya kupandisha, changeni vijana watatu mkodishe pikipiki ya mizigo siku za mavuno, baiskeli ibaki ya kwenda na kurudi na dawa, mbegu na chakula. Piga hesabu ya safari zako za msimu kabla ya kununua chochote.

Ukienda kwa fundi, mwulize maswali mawili tu: "Mota itatumia ampea ngapi mlimani?" na "Nitajuaje ikifika nyuzi 80?" Akiyajibu kwa namba, mwachie baiskeli. Akikujibu "wewe usiwe na wasiwasi", panda baiskeli yako urudi nayo nyumbani.

Mwenye swali alete, aniambie ukubwa wa rimu, volti za betri, ampea za kontrola na kilo za mzigo. Tutapiga hesabu pamoja. Msimu mwema.